Njia ya Baiskeli Kando ya Mto: Ni ya Nani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tunayachapisha kwa faida ya vikundi vingine, hata vile vya mashambani.)



Nimeombwa nizungumze juu ya baiskeli na mito yetu. Najua kuna wanaojiuliza, "Mambo ya baiskeli yanahusu nini kikundi chetu cha kuweka akiba?" Swali hilo ni zuri, na nitalijibu kwanza kabla ya mengine yote.

Chukueni mfano wa mtu anayekaa Kayole, Dandora ama Umoja, na kibarua chake kiko Industrial Area, Gikomba ama mjini kati. Kutoka mlangoni kwake hadi kazini ni kama kilomita 8 hadi 13. Akipanda matatu analipa kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha nauli inapanda bila kuulizwa. Akikosa pesa anatembea, karibu saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi. Anafika kazini amechoka, na jioni anafika nyumbani watoto wamelala. Lakini akiwa na baiskeli nzima na njia isiyo ya hatari, safari hiyo inamchukua chini ya saa moja.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme nauli ni shilingi 60 kwenda na 60 kurudi. Kwa siku 24 za kazi, hizo ni shilingi 2,880 kila mwezi. Kwa miezi sita ni shilingi 17,280. Je, kuna mama hapa ambaye hajui shilingi 17,280 zinaweza kufanya nini katika nyumba? Hiyo ni karo. Hiyo ni mtaji wa kibanda. Basi mambo ya baiskeli yanahusu akiba yenu, tena sana.

Mtasema, kama ni hivyo, mbona watu hawaendeshi? Si kwamba hawajui. Wengi wetu tulijifunza nyumbani mashambani, tukiwa wadogo hata kiti hatukifikii, tukipitisha mguu chini ya bomba la katikati na kukanyaga pedali upande upande. Baiskeli kubwa nyeusi, ile tunayoiita Black Mamba, imebeba maziwa, maji, mahindi, wagonjwa na hata mabibi arusi. Tunajua baiskeli. Tulipofika Nairobi tukaiacha kwa sababu moja tu, nayo ni hofu. Ukiingia Jogoo Road saa moja asubuhi, matatu iko kulia, lori liko nyuma, pikipiki inakuja mbele yako upande usio wake. Mama gani atamruhusu kijana wake apite hapo kila siku?

Ndiyo maana leo tunazungumza habari ya mito.

MITO YETU INAPITA WAPI

Watu wengi wa Eastlands wanaujua mto kwa harufu tu. Hebu tuufuate.

Mto Nairobi unaanzia upande wa Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri. Unapita magharibi ya jiji, unafika Chiromo na Museum Hill, unapita Michuki Park karibu na Globe, kisha unaingia kwetu: Gikomba, Kamukunji, Majengo na Shauri Moyo. Unaendelea mashariki mpaka unavuka Outering Road, halafu unapita kati ya Korogocho na Dandora. Mto Mathare nao unatoka bonde la Mathare na kuingia ndani yake. Mto Ngong unapita upande mwingine, Mukuru na Industrial Area, unavuka Outering Road, unapita karibu na Kayole, na mwisho nao unaungana na Mto Nairobi chini zaidi. Maji hayo yote yanaingia Mto Athi, ambao huko chini unaitwa Galana, tena Sabaki, na kumwaga baharini kaskazini ya Malindi.

Mmeona jambo hilo? Mito yetu inatoka mitaani na kwenda kule kule tunakokwenda kutafuta kazi. Mto Nairobi unaunganisha Dandora na Gikomba. Mto Ngong unaunganisha Kayole na Industrial Area. Tena mto haupandi mlima. Njia inayofuata mto ina mteremko mdogo mdogo, hata mzee mwenye mzigo wa sukuma wiki kwenye karia anaweza kuikanyaga bila kushuka.

Mahali pengi kando ya mto tayari kuna njia za miguu, zilizotengenezwa na miguu yenyewe. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha, kuzisafisha na kuzilinda.

UKWELI AMBAO HATUTAUFICHA

Kabla hatujafurahi sana, tuseme ukweli. Kingo za mito hii zina jeraha.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mafuriko yalikuja. Mnakumbuka. Mathare na Mukuru watu walipoteza maisha, na wengi walipoteza kila kitu. Baadaye serikali iliamuru watu wote waliojenga ndani ya mita 30 za mto wahame, na matingatinga yakaja. Kanuni za maji zilizotolewa mwaka wa 2006 zilikuwa zimekwisha kukataza kulima ama kujenga kando ya mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30, kutoka mahali ambapo maji yaliwahi kufika wakati wa mafuriko makubwa. Sheria ilikuwepo miaka mingi. Lakini waliolala nje kwa mvua ni wale waliokuwa wakilipa kodi ya nyumba kwa wenye nyumba, na hawakujua kanuni hiyo hata kwa jina.

Kwa hivyo ukienda leo kando ya mto na kusema, "Tunataka kuweka njia nzuri ya baiskeli hapa," kuna mtu atakutazama na kuuliza: "Mlinitoa hapa ili mwendeshe baiskeli?" Mtu huyo si adui wa maendeleo. Anauliza swali la haki. Na sisi wana vikundi lazima tuwe na jibu.

Jibu langu ni hili. Ukingo wa mto haufai kulala watoto, kwa sababu maji yatarudi. Lakini unafaa kupitwa na watu wote. Njia ikifurika siku mbili haiui mtu. Ikikauka tunaifagia na kuitumia tena. Nyumba ikifurika usiku, hiyo ni maombolezo. Hata hivyo, njia hiyo itakuwa ya haki tu ikiwa wale waliohamishwa ndio wanaopata kazi ya kuijenga na kuitunza, na ikiwa wanaipita bila kulipa na bila kufukuzwa. Tukikubali njia iwe ya wageni wa Jumapili peke yao, tutakuwa tumewaibia majirani zetu mara ya pili.

Mwaka wa 2024 serikali ilianzisha mpango wa Climate WorX, na vijana wa mitaani wakaajiriwa kusafisha kingo za mito. Mwaka wa 2025 mpango mkubwa zaidi wa kurudisha uhai wa Mto Nairobi ukazinduliwa. Hayo ni mema. Lakini kazi ya kibarua huisha, na pesa za mpango huisha. Kinachobaki ni kikundi. Angalieni Korogocho: vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions walianza mwaka wa 2017 kusafisha ukingo uliokuwa jaa la takataka na maficho ya wahalifu. Hawakungoja mradi wa serikali uzinduliwe. Walibeba takataka, wakapanda miti na maua, na pakawa mahali pa watoto kucheza. Hilo ni somo kwetu sote.

NJIA TATU ZA KUANZIA

Wengine wameniomba niwaonyeshe mahali mtu anaweza kupita na baiskeli sasa, si kesho. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni Outering Road. Barabara hii ilipotengenezwa upya na kupanuliwa, karibu kilomita 13 kutoka upande wa Ruaraka hadi upande wa Pipeline, iliwekewa njia za miguu na za baiskeli pembeni. Ni njia yetu, tumeilipia. Shida ni kwamba mahali pengi imekaliwa na vibanda, magari yanayooshwa, na pikipiki zinazongoja abiria. Siwalaumu wanaotafuta riziki. Lakini mita mbili tu zikiachwa wazi, maelfu ya watu watapita salama, na wanaopita ndio wateja. Hapo panahitaji mazungumzo kati ya vikundi vya wachuuzi, chama cha bodaboda na wenye baiskeli. Anzeni kwa mazungumzo ya kirafiki. Askari wa kanjo asiwe mtu wa kwanza kuitwa.

Ya pili ni kingo za mto zenyewe, lakini kwa vipande. Msidanganywe kwamba mtu anaweza kutoka Dandora hadi Kamukunji bila kushuka kwenye baiskeli. Kuna mahali ukuta wa mtu umefika majini, kuna mahali maji taka yanapasuka, kuna mahali daraja ni mbao mbili. Ndiyo maana nasema kila kikundi kichukue kipande chake. Kilomita moja inayopitika kutoka mtaa hadi shule, ama kutoka mtaa hadi daraja la barabara kuu, ni bora kuliko kilomita ishirini zilizo kwenye ramani.

Ya tatu ni ya siku ya mapumziko. Jumapili asubuhi mapema barabara huwa na nafasi. Vijana wakienda pamoja, wakiwa na kiongozi mbele na mwingine nyuma, wanaweza kutoka Makadara wakapita mjini hadi Michuki Park. Bustani hiyo ilikuwa mahali pachafu palipoogopwa. Mwaka wa 2008 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliisimamia isafishwe, na baada ya miaka ya kusahaulika ilitengenezwa tena na kufunguliwa mwaka wa 2020. Nawaomba muwapeleke watoto waone kwa macho yao. Maji yanayopita hapo ndiyo yanayokuja Gikomba na Dandora. Wakiona ukingo wenye miti na viti, hawatakubali tena kuambiwa kwamba mto ni shimo la takataka.

Wenye nguvu zaidi wanaweza kufika msitu wa Karura, ambako kuna njia za baiskeli ndani ya miti, ingawa pale kuna kiingilio. Kumbukeni kwamba msitu huo ulikuwa unagawanywa kwa wenye majumba, mpaka Profesa Wangari Maathai na wenzake wakasimama na kupigwa mwezi wa Januari 1999. Leo watu wanaendesha baiskeli pale kwa sababu kuna waliokubali kuumia. Bustani hazijileti zenyewe.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

Nisiwachoshe na maneno mengi. Hizi ndizo hatua, na hakuna hata moja inayohitaji mfadhili wa kuanzia.

Kwanza, tembeeni kipande chenu. Watu sita wanatosha, na kati yao wawe akina mama wawili na kijana mmoja wa shule. Andikeni kila kitu: wapi pana shimo, wapi pana giza, wapi bomba la choo linamwaga, wapi mtu amelima nduma ama napia. Mama ataona hatari ambazo mwanamume hazioni, kwa sababu ndiye anayeogopa kupita pale jioni.

Pili, hesabuni watu. Simameni mahali pamoja siku tatu za kazi, kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, mwandike ni wangapi wanapita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mkokoteni. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko hotuba. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli mwaka wa 2015. Sera ipo, kinachokosekana ni watu wa kubisha hodi wakiwa na hesabu mkononi.

Tatu, ongeeni na mkulima wa ukingoni kabla ya kugusa mche wake. Mwambieni ukweli pia juu ya maji anayonyunyizia. Mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitangaza uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaokaa na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Sumu hiyo haichagui kabila wala dini. Mkulima anaweza kupewa kazi ya kutunza miche ya miti ama mianzi kando ya njia, ili asitoke mikono mitupu.

Nne, andikeni barua. Msijenge kitu chochote kabla ya kupata ruhusa, kwa sababu ukingo wa mto unalindwa na sheria, hata dhidi ya watu wema. Barua iende kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa mwakilishi wa wadi, kwa chifu na kwa ofisi ya mazingira. Mweke mhuri wa kikundi, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Kikundi ambacho hakijaandikishwa kiandikishwe. Kuna sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka wa 2022. Na kama mtu atawauliza mna haki gani, mwambieni Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Tano, wekeni fundi. Kijana mmoja mwenye pampu, solusheni, vipande vya tyubu, spana na mafuta ya mnyororo anaweza kukaa mwanzoni mwa njia asubuhi na jioni. Anaziba pancha, anakaza breki, anapata chakula chake, na macho yake yanalinda njia. Mwizi hapendi mahali penye fundi.

Sita, fundisheni akina mama na wasichana kuendesha. Njia ikitumiwa na vijana wanaume peke yao, itageuka kuwa ya kijiwe. Wamama wakipita, kila mtu atapita. Tafuteni uwanja mtulivu siku ya Jumamosi, mkianza na baiskeli mbili za kikundi.

Saba, muwe na sheria chache na kila mtu azijue. Anayetembea ana haki ya kwanza. Kengele ipigwe kwa adabu. Pikipiki zisiingie kabisa. Usiku hakuna kupita bila taa mbele na kitu cha kung'aa nyuma. Baada ya mvua kubwa, njia ifungwe mpaka wazee wa njia waitazame. Na jambo la afya: msioshe baiskeli, mikono wala kidonda kwa maji ya mto. Maji hayo yanaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Beba maji yako ya kunywa.

KWA NDUGU ZETU WA MASHAMBANI

Nanyi mtakaosoma haya mkiwa vijijini, msiseme ni mambo ya Nairobi. Wale wa Machakos, Makueni na hata Kilifi mnaotumia maji ya Athi mnapokea kile tunachotupa sisi. Tukisafisha huku, tunawasafishia nyinyi. Na nyinyi mna kitu ambacho sisi tulikipoteza: bado kuna njia kando ya mito yenu, bado kuna miti, na bado watoto wenu wanakwenda shule kwa baiskeli. Zipimeni njia hizo sasa, ziandikwe, kabla mtu hajaweka ua. Ni rahisi kulinda njia iliyopo kuliko kubomoa ukuta uliokwisha jengwa. Sisi tunalijua hilo kwa uchungu.

Watu wa mahali pengine wamethubutu. Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu mwaka wa 1974 barabara kubwa zimekuwa zikifungiwa magari kila Jumapili asubuhi, na maskini na tajiri wanaendesha baiskeli bega kwa bega. Hapa jirani, Kigali ilianza siku za kutotumia magari mwaka wa 2016. Wale nao ni watu kama sisi.

Ndugu na dada, lile swali la mwanzo la mazungumzo haya, njia ni ya nani, halitajibiwa na mhandisi. Litajibiwa na yule atakayekuwa pale asubuhi akifagia, akihesabu, akiandika barua, akimsalimu anayepita. Kama sisi hatutakuwapo, atakuwapo mwingine, naye ataweka lango na kuuza tiketi.

Kwa hivyo nawaomba kitu kimoja tu mkitoka hapa. Kabla ya mkutano wenu ujao, kila kikundi kichague kipande cha mto, hata kama ni mita mia tano, na kikitembee kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mje na karatasi iliyoandikwa mlichokiona. Tutaziunganisha karatasi hizo mezani, na hapo tutaona kama Dandora na Kamukunji vinaweza kushikana mikono.

Sasa ni zamu yenu. Aliye na swali ainue mkono.